Yule jamaa wa Jamestown alimla mkewe kweli, au tunapigwa kamba na walowezi wenyewe?

#1 Panya wa Maktaba
Wakuu, salaam.

Shuleni tulipewa Jamestown kwa mistari mitatu: Waingereza walifika Virginia 1607, wakateseka, wakalima tumbaku, basi. Siku hizi nasoma maandishi ya walowezi wenyewe, na kuna kisa kimenikaa kichwani. Ni majira ya baridi ya 1609 kuingia 1610, njaa imewabana ndani ya ngome. Mwanamume mmoja anamuua mkewe mjamzito, anamkatakata, anamtia chumvi kama nyama ya akiba na kuanza kumla.

Shida yangu ni kwamba nina mashahidi watatu na hawaelewani.

Wa kwanza ni George Percy, aliyekuwa mkuu wa koloni majira yale. Anasema jamaa alimtoa mtoto tumboni akamtupa mtoni, kisha akamtia mama chumvi. Wa pili ni Kapteni John Smith katika kitabu chake cha 1624. Naye anakubali mke aliliwa, halafu analeta utani: eti hajui kama mke wa kutiwa chumvi ananoga zaidi akichomwa, akichemshwa au akibanikwa. Wa tatu ni Kampuni ya Virginia, wenye koloni, katika tamko lao la 1610. Hao wanasema njaa haihusiki kabisa. Jamaa alimchukia mkewe tu, akamuua akamficha, na walipopekua nyumba wakakuta unga, oti, maharage na njegere.

Tumwamini nani?

#2 Ngosha Halisi
Nimefungua uzi huu mishikaki ikiwa mkononi. Asante sana mkuu kwa kuniharibia jioni.

#3 Kichwa Ngumu
Mbona jepesi hili. Kampuni walikuwa wanauza hisa London. Nani atatoa hela yake kwenye koloni ambalo watu wanakula wake zao? Walilazimika kusema ni ugomvi wa ndoa. Faili limefungwa, tuendelee na mambo mengine.

#4 bintiTanga
Kichwa Ngumu, faili gani unafunga wakati hujalisoma?

Kwanza Panya kasema mashahidi watatu. John Smith hakuwepo! Baruti ilimlipukia ikamuunguza vibaya, akarudishwa Uingereza Oktoba 1609, njaa yenyewe haijakolea. Kila anachosema kuhusu baridi ile alisimuliwa na wengine. Tena kitabu chake kizima kinasukuma hoja moja: mlipokuwa na mimi mlikula, nilipoondoka mkafa.

Pili, Percy alikuwepo, lakini simulizi lile aliliandika mwaka 1625 hivi, miaka 15 imepita, na baada ya kitabu cha Smith kutoka. Huyu ni mtoto wa ukoo mkubwa, ndugu yake ni Earl wa Northumberland. Ameona jina lake linapakwa matope akaamua kujibu. Mtu aliyekuwa kiongozi wakati watu wanakufa ana sababu zake za kuonyesha njaa ilikuwa ya kutisha kupita uwezo wa binadamu.

Kwa hiyo aliyekuwepo ana la kujitetea, asiyekuwepo ana la kujisifu, na wenye hela wana la kuficha.

#5 Mwl. Mstaafu
Vijana, uzi mzuri. Naongeza jambo ambalo Percy mwenyewe analiandika waziwazi na watu wanalipita. Jamaa hakukiri kwa hiari. Alining'inizwa kwa vidole gumba, miguuni amefungiwa mizigo, robo saa nzima, ndipo akasema nimemla. Na aliyetoa hukumu ya kifo ni Percy huyohuyo anayetusimulia.

Mkinining'iniza hivyo mimi, kabla ya robo saa nitakiri nimemla mama mkwe na vyombo vyake.

Kuhusu Smith, mlinganisheni na yeye mwenyewe. Mwaka 1608 alichapishiwa taarifa yake ya kwanza. Humo anaeleza alivyokamatwa na kupelekwa kwa Powhatan, mtawala mkuu wa wenyeji wa pale, na anasema alipokewa vizuri, akalishwa, akarudishwa. Kichwa kuwekwa juu ya jiwe na binti Pocahontas kumkinga hakimo kabisa. Kinakuja kuonekana kwenye kitabu cha 1624, Pocahontas ameshazikwa Gravesend tangu 1617 na hawezi kukanusha.

#6 Ngosha Halisi
Mwalimu, vyombo vya mama mkwe vina kosa gani?

#7 Njiwa wa Richmond
Habari za huko nyumbani. Mimi naishi Virginia, na Jamestown nimefika.

Kwa muda mrefu watu waliamini ngome ya 1607 imeshamezwa na mto. Mwanaakiolojia William Kelso akaanza kuchimba 1994 na kuikuta. Magogo ya ukuta yalishaoza, lakini kila gogo liliacha doa jeusi kwenye udongo, na madoa yale ukiyafuata yanakuchorea ngome ya pembetatu. Sasa sikilizeni hii. Mwaka 2012, kwenye shimo la chini ya nyumba lililofukiwa takataka za baridi ileile, wakakuta mifupa ya farasi na mbwa iliyochinjwachinjwa, na katikati yake vipande vya fuvu la binadamu na mfupa wa mguu. Ni msichana wa miaka 14 hivi. Jina lake halijulikani, watafiti wamemwita Jane. Matokeo yalitangazwa 2013 pamoja na Doug Owsley, mtaalamu wa mifupa wa makumbusho ya Smithsonian.

Fuvu liko kwenye makumbusho palepale, nimesimama mbele yake. Kwenye paji la uso kuna mikato minne midogo, imekaa karibu karibu, haikuzama. Maelezo yanasema aliyekata alijaribu mbele, mkono ukawa mzito, ndipo akageuza kichwa na kupasua kwa nyuma. Alikuwa ameshakufa. Tena si kazi ya mchinjaji, ni ya mtu asiyejua la kufanya.

#8 Kichwa Ngumu
Basi kumbe! Mifupa haisemi uongo. Percy ameshinda, Kampuni waongo.

#9 bintiTanga
Haraka ya nini kaka yangu? Njiwa kasema msichana wa miaka 14. Kisa cha Panya ni mke mjamzito wa mtu. Hao ni watu wawili tofauti. Jane anathibitisha kwamba watu waliliwa Jamestown, hathibitishi kwamba yule mume alimla yule mke. Inawezekana kabisa watu walikula maiti NA yule jamaa akawa amemuua mkewe kwa chuki. Yote mawili kwa pamoja.

Mimi kinachonishangaza ni kwamba Percy anataja waliofukua makaburi, Smith anataja mwenyeji aliyeuawa akazikwa kisha akafukuliwa na kuliwa, na ya mke wameyaandika wote. Jane hana hata nusu mstari. Bila lile shimo la takataka tusingejua aliwahi kuwepo.

#10 Mswahili wa Kibokoni
Hamjambo. Nawasoma tangu asubuhi, mwajadili Percy, mwajadili Smith, na wenyeji wa nchi mmewaacha nje ya ngome kama walivyowaacha wao.

Wenyeji wale hawakuacha daftari. Kila neno la Powhatan tulilonalo limepita kwenye kalamu ya Muingereza. Smith amuwekea hotuba nzuri sana mdomoni, auliza kwa nini mtwae kwa nguvu kitu mnachoweza kupewa kwa mapenzi. Maneno mazuri, lakini ya Powhatan ni mangapi na ya Smith mangapi? Sisi wa pwani twalijua hilo. Mombasa ilipochomwa na Mreno Almeida 1505, mfalme wa Mombasa alimwandikia mwenzake wa Malindi kumueleza msiba, na hata barua hiyo twaisoma kwa sababu waliokuja na meli zile ndio walioinakili.

Lakini si kwamba wenyeji wa Virginia wamenyamaza kabisa. Percy huyohuyo aandika kwamba Luteni Sicklemore na wenzake waliotoka kwenda kutafuta chakula walikutwa wameuawa, vinywa vimeshindiliwa mikate. Hebu fikirini. Hiyo ndiyo barua ya wenyeji: mwataka mkate? Haya, huu hapa. Percy mwenyewe alielewa, asema ilikuwa dharau na onyo kwa wengine.

#11 Mwl. Mstaafu
Kibokoni, umenena.

#12 Panya wa Maktaba
Shukrani wote. Sasa kuna kitu kinanitatiza zaidi ya yule mke. Jamestown iko kando ya mto mkubwa, bahari haiko mbali, msitu umejaa kulungu. Smith anasema aliacha watu karibu 500 na baada ya miezi sita walibaki 60. Naona wanahistoria wanashusha hiyo 500, kwamba waliokuwa ndani ya ngome hawakufika huko, sawa. Lakini watu wanakufaje njaa pembezoni mwa mto?

#13 Kichwa Ngumu
Uvivu. Nusu yao walikuwa mabwana wakubwa hawajawahi kushika jembe. Smith alilazimika kuweka sheria kwamba asiyefanya kazi asile. Na Thomas Dale, kaimu gavana mpya, alipofika 1611, baada ya njaa yote ile, inasimuliwa aliwakuta watu barabarani wanacheza mchezo wa kuviringisha tufe. Mwaka mmoja tu umepita tangu walipokula panya na ngozi za viatu, wao wako kwenye tufe!

#14 Maabara Usiku
Mimi ni mtu wa maabara, historia nilipata D, lakini hapa naona maji. Percy ana maandishi mengine ya mwanzoni kabisa, ya 1607. Anasema maji yao ya kunywa yalitoka mtoni, bamvua likija ni ya chumvi sana, maji yakitoka ni tope na uchafu. Weka hapo kinyesi cha watu mia kinachoingia mto huohuo na kurudishwa na maji kila siku. Kuhara damu, homa ya matumbo, chumvi mwilini. Mtu wa namna hiyo ukimwambia akalime anakutazama tu. Mnamwita mvivu, kumbe mgonjwa.

#15 Mwl. Mstaafu
Na ukame. Mwaka 1998 watafiti walitoa matokeo ya kupima duara za miaka kwenye miti mikongwe ya vinamasi vya Virginia. Waligundua kwamba 1606 hadi 1612 ndiyo miaka saba mikavu kuliko yote katika muda wa takriban miaka 770. Maana yake hata Powhatan hakuwa na mahindi ya kugawa. Walowezi wanaandika "wametunyima", na mwenye ghala anajua ghala lake lina nini. Halafu mvua ikipungua mto nao unapungua, maji ya bahari yanapanda juu zaidi, na hapo ndugu yetu wa maabara anapata chumvi yake.

Percy, Smith, Kampuni, hakuna hata mmoja anayeeleza kwamba walifika kwenye ukame wa karne. Wangejuaje? Ndio wamefika, walidhani nchi iko hivyo siku zote.

#16 Mswahili wa Kibokoni
Ukame ni kweli, lakini msizibe vita kwa mvua. Baridi ile Powhatan aliizingira ngome. Atokaye kuwinda auawa, atokaye kuvua auawa. Mto uko pale lakini kuufikia ndiyo kazi. Mwl., mtu aliyezingirwa hafi kwa ukame.

#17 Maabara Usiku
Aliyezingirwa anakunywa maji gani?

#18 Mswahili wa Kibokoni
Haya, umenipata nusu.

#19 bintiTanga
Nyote mmesahau kaa.

Percy anaeleza kwamba Mei 1610 alishuka hadi Point Comfort, mdomoni mwa mto, kwenye ngome ndogo iliyosimamiwa na Kapteni Davis. Akakuta watu wa Davis wamenawiri. Walikuwa na kaa wengi hadi wanawalisha nguruwe! Na hao nguruwe wako kwenye koloni hilohilo ambalo huko juu watu wanatafuna ngozi za viatu. Percy akawaka. Akawashutumu kwamba walificha neema yao makusudi ili wajiweke hai na kurudi Uingereza.

Kwa hiyo kulikuwa na chakula ndani ya Virginia ya Waingereza. Hakikupanda mto tu.

Na hapohapo namuuliza Percy: wewe mkuu wa koloni, ngome yako ya pili iko chini ya mto huohuo, mbona umesubiri mpaka Mei ndipo ushuke kuwajulia hali? Hajibu. Anaruka aya.

#20 Ngosha Halisi
Nguruwe anakula kaa, mheshimiwa anakula kiatu. Hii koloni ilikuwa na protokali ya aina yake.

#21 Kichwa Ngumu
Uvivu pia huo. Uvivu wa kutembelea watu.

#22 Mama Swaumu
Hamjambo wanangu. Mnahangaika na makapteni na ndugu wa maearl. Mimi mwanangu alinionyesha barua ya kijana mmoja anaitwa Richard Frethorne, ya Machi na Aprili 1623, kutoka Martin's Hundred, maili chache chini ya Jamestown. Nikamwambia anisomee yote.

Huyu alikuwa mtumishi wa mkataba, yaani amefungwa kumtumikia bwana kwa miaka, amefika Krismasi iliyopita. Anawaandikia baba na mama. Tangu ashuke melini hajala kitu zaidi ya njegere na uji wa maji. Mkate wa senti moja wanagawana watu wanne. Anahesabu nguo zake moja moja: suti moja, jozi moja ya viatu, jozi moja ya soksi, kofia moja. Alikuwa na joho, mwenzake akaliiba. Mwizi hakukiri, ila wenzake walimwona amepata siagi na nyama kutoka kwenye meli, na kijana anasema hana shaka joho lake ndilo lililolipia.

Anaomba wazazi wamkomboe. Wakishindwa hilo, basi wamtumie jibini auze, faida atawarudishia wao. Tena anawafundisha kufunga: liwe jibini lililokaa sana, na kati ya kipande na kipande watie vipande vya mbao za mapipa, la sivyo joto la ndani ya meli litalioza.

Mimi niliwahi kufanya kazi za ndani Muscat. Pasi yangu ilikaa kwenye kabati la tajiri, ufunguo anao yeye. Usiku nikirekodi sauti za kumtumia mama yangu, nilikuwa nafanya hivihivi: naanza na kulia, namalizia na biashara. Mama nitumie vitenge kumi, huku vinauzika, usisahau kuvifunga kwenye nailoni. Mtu aliyekata tamaa kabisa hafundishi kufunga jibini. Huyu mtoto alikuwa bado ana mipango.

#23 Njiwa wa Richmond
Mama, umenigusa. Huko kwenye kumbi za watalii barua hii inasomwa kwa sauti ya kilio mwanzo mwisho. Jibini wanalikata.

#24 Mwl. Mstaafu
Mama Swaumu, shikamoo. Barua hiyo ni hazina, lakini ni lazima tuulize imetufikiaje. Barua za watumishi wa namna ile zilikuwa nyingi na karibu zote zimepotea. Hii ilinakiliwa na kutunzwa kwa sababu mwaka ule wa 1623 wakubwa wa Kampuni ya Virginia walikuwa wanagombana London, na upande mmoja ulikusanya barua za taabu kutoka koloni ili kuonyesha upande wa pili umeliendesha vibaya. Mwaka uliofuata, 1624, mfalme akaifutia Kampuni hati yake. Kwa hiyo kilio cha kijana kikawa kielelezo cha kesi. Zile zilizosema "hatujambo, tumbaku imestawi" hakuna aliyekuwa na haja ya kuzinakili.

#25 Mama Swaumu
Marahaba mwanangu. Lakini waliogombana hawakumwibia joho.

#26 Mwl. Mstaafu
Hapo sina neno.

#27 Mswahili wa Kibokoni
Mama, kijana huyo aeleza pia kwamba wako 32 wa kupigana na maadui 3,000. Mwaka mmoja nyuma, Machi 1622, kiongozi wa wenyeji Opechancanough alishambulia makazi mengi ya Waingereza kwa siku moja, Kampuni ikahesabu waliouawa 347. Sasa hiyo 3,000 nani aliihesabu? Mtoto ameshuka melini juzi, hajatoka nje ya ua. Hiyo ni hesabu ya hofu. Nami naamini hofu yake kuliko hesabu yake.

#28 Kichwa Ngumu
Tukiwa hapohapo kwenye watu waliofungwa mikataba. Mbona hakuna aliyetaja Waafrika? John Rolfe, mume wa Pocahontas, aliandika Januari 1619 kwamba wameletwa Waafrika 20 na ushee. Hao ndio Waafrika wa kwanza Marekani.

#29 Njiwa wa Richmond
Kichwa Ngumu, mawili hapo.

Barua ya Rolfe kwa Edwin Sandys, mkubwa wa Kampuni ya Virginia, imeandikwa Januari 1619 kweli, lakini Waingereza wakati ule walianza mwaka mpya tarehe 25 Machi, na waliendelea hivyo mpaka 1752. Januari yao ya 1619 kwetu ni Januari 1620. Ndiyo maana anaeleza jambo la mwishoni mwa Agosti 1619 kama lililokwishapita. Ukisoma tarehe zao bila kukumbuka hilo, utakuta watu wanajibu barua kabla hazijaandikwa.

La pili, watu wale walitoka Angola, wakapakiwa Luanda kwenye meli ya Wareno São João Bautista iliyokuwa inaelekea Veracruz. Maharamia wa Kiingereza wakaivamia na kugawana watu. Meli White Lion ikawafikisha Point Comfort (bintiTanga, palepale penye kaa wako). Rolfe anasema gavana na mfanyabiashara mkuu waliwanunua kwa chakula. Mstari mmoja tu, katikati ya habari nyingine, kama mtu anayetaja mvua.

Kwenye orodha ya kaya ya 1625 kuna mwanamke anaitwa Angelo, sisi tunamwita Angela, nyumbani kwa Kapteni William Peirce, ameletwa na meli Treasurer, ya maharamia walewale. Jina, meli, kaya. Hakuna barua yake kwa mama yake.

#30 Forodhani Boy
Na la tatu, Njiwa umelisahau. Si wa kwanza hata kidogo. Wahispania walikuwa na Waafrika St. Augustine, Florida, tangu 1565. Ni wa kwanza kwenye makoloni ya Waingereza bara, sema hivyo.

Halafu niwape yangu ya kwetu Unguja. Nyie mko Virginia, mimi naangalia kaskazini, Massachusetts. Mji wa Salem, wa Wapuritani (Waprotestanti wenye msimamo mkali wa dini) wale wa miaka ya 1620, ule wa kesi za wachawi 1692, mahojiano ya mahakamani yapo mpaka leo. Wajukuu wao ndio waliokuja kuning'inia Forodhani! Mkataba wa Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini 1833, na 1837 akaja balozi mdogo (konsuli) wa kwanza, Richard Waters, mtu wa Salem. Alileta merikani, alichukua pembe na sandarusi. Aliandika shajara na barua, zimehifadhiwa kwao Massachusetts. Mcha Mungu, mchukia utumwa, na kutwa yuko na Jairam Shivji wa forodha wanafanya biashara na mji uliokuwa ukiendeshwa na watumwa. Ukitaka kujua Unguja ya 1840 ilivyokuwa utamsoma yeye, upende usipende, kama wale wanavyomsoma Percy.

#31 Ngosha Halisi
Uzi umeanza na mke wa chumvi, tumefika kwenye sandarusi. Mods msiufunge, nina chai.

#32 Panya wa Maktaba
Forodhani Boy, hiyo ya Waters anzisha uzi wake, nitakuwa wa kwanza kuja.

Nirudi kwa Percy kidogo, jana usiku nimemmalizia. Anasimulia kuhusu mtu anaitwa Hugh Pryse. Njaa ilimchanganya, akatoka katikati ya soko akapiga kelele kwamba hakuna Mungu, maana angekuwepo asingeacha viumbe wake wateseke hivi. Alasiri ileile akaenda msituni kutafuta chakula pamoja na muuza nyama mmoja mnene. Wote wawili wakauawa na wenyeji. Walipokutwa, Pryse, ambaye alikuwa mwembamba, ameraruliwa na mbwa mwitu, matumbo nje. Yule mnene kalala pembeni yake, hatua chache tu, mzima hajaguswa, ana mishale tu. Percy anasema hiyo ni ghadhabu ya Mungu juu ya Pryse.

Mnasemaje?

#33 Mswahili wa Kibokoni
Nasema Percy kama ni muongo angetunga kitu kinachoaminika zaidi. Hii aliiona.

#34 bintiTanga
Au alisikia kwa waliokwenda kuokota maiti, akaipamba ifanane na mahubiri. Aya hii anaionyesha kama fundisho. Mimi nashuka naye mpaka kwenye mishale, kwenye mbwa mwitu namwachia.

#35 Maabara Usiku
Mimi swali langu lingine. Miezi ya njaa vile, watu wamebaki mifupa, muuza nyama unene anautoa wapi?

#36 Kichwa Ngumu
Hilo ndilo swali la maana tangu uzi uanze! Mkapekueni nyumba yake, mtakuta unga, oti, maharage na njegere.

#37 Mwl. Mstaafu
Ndiyo maneno ya Kampuni hayo, Kichwa Ngumu. Kwenye #8 ulisema waongo.

#38 Kichwa Ngumu
Waongo kwa mke. Kwa muuza nyama nawaamini.

#39 Ngosha Halisi
Kwa hiyo mnene hata mbwa mwitu hamgusi? Naanza kupata matumaini na kitambi changu.

#40 bintiTanga
Mishale ilimgusa, Ngosha.